Soda, chai na juisi: mwongozo kamili wa kulinda meno ya nyumba nzima

Chukua watu wawili wanaofanya kazi ofisi moja. Wa kwanza anakunywa soda yake mchana pamoja na wali, anaimaliza, anasukutua kwa maji na kurudi kazini. Wa pili ananunua soda ya aina ileile saa tatu asubuhi, anaiweka karibu na kompyuta na kuinywa fundo mojamoja mpaka saa saba mchana. Sukari waliyokunywa inalingana. Hatari waliyoyaingiza meno yao hailingani hata kidogo: wa pili ameyaweka kwenye asidi kwa takriban saa nne, wa kwanza kwa chini ya saa moja.

Mwongozo huu unasimama juu ya tofauti hiyo. Tumezoea kuambiwa tupunguze sukari, na ni kweli kiasi kina uzito wake. Lakini kwa upande wa meno, swali la kwanza ni sukari inapita mdomoni mara ngapi kwa siku, na inakaa kwa muda gani. Nimelitanguliza swali hilo kwa sababu familia ya kipato chochote inaweza kulifanyia kazi leo, bila kununua kitu na bila kumnyima mtoto soda ya Idi au ya Krismasi.

Na tatizo si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Karibu yote hayo yangeweza kuzuilika.

## Kinachotokea mdomoni

Juu ya meno kuna ukoga, ule utando laini unaonata ambao asubuhi unaweza kuukwangua kwa kucha. Ndani ya ukoga wanaishi bakteria wengi, akiwemo Streptococcus mutans, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1924. Bakteria hawa hula sukari ileile tunayokunywa sisi, kisha hutoa asidi. Asidi ndiyo inayotoboa jino.

Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ni ngumu kuliko mfupa. Udhaifu wake ni asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: maji safi ni 7, na namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli. Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani Robert Stephan alipima ukoga wa watu kabla na baada ya kusukutua kwa maji ya sukari. Aliona pH ikiporomoka ndani ya dakika chache, kisha ikipanda polepole kurudi ilipokuwa. Kwa watu wengi kupanda huko huchukua kati ya dakika 20 na saa nzima.

Anayeirudisha juu ni mate. Mate huipoza asidi, na yana kalsiamu na fosfeti ya kuziba pale palipoanza kuyeyuka. Kwa hiyo jino linalopewa nafasi hujitengeneza lenyewe kila siku. Jino lisilopewa nafasi hupoteza madini kidogo kidogo, kwanza linaweka doa jeupe, kisha enameli inabomoka na tundu linafunguka. Tundu likishafunguka halizibiki tena bila mkono wa daktari.

Soda ina madhara ya pili, na wengi hawayajui. Soda yenyewe ni asidi hata kabla bakteria hawajaigusa. Soda ya kola ina pH ya 2.5 hivi, na soda nyingi za machungwa na limau ziko karibu na 3. Asidi hiyo inalainisha enameli moja kwa moja, na ndiyo maana soda iliyoandikwa haina sukari bado si rafiki wa meno. Haitoboi kwa njia ya bakteria, lakini inayala meno: yanakuwa membamba, kingo zinapauka, na maji baridi yanatia ganzi.

Kuna ushahidi mmoja wa zamani kuhusu suala la mara ngapi, na ni wa kuhuzunisha. Nchini Sweden, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, katika miaka ya 1940 wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa namna mbalimbali ili kuona meno yao yataharibika vipi. Hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa, na jaribio la namna hiyo leo haliwezi kuruhusiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Waliopewa sukari nyingi ndani ya vinywaji wakati wa mlo waliongeza matundu kidogo tu. Waliopewa peremende za kunata kati ya milo, siku nzima, meno yao yaliharibika vibaya. Tulichojifunza kutoka kwa watu wale tusikipoteze.

Na ukijiuliza kama kugusa vinywaji peke yake kunaleta tofauti, tazama Uingereza. Aprili 2018 serikali ilianza kutoza kodi soda zenye sukari nyingi, na viwanda vikapunguza sukari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliochambua kumbukumbu za hospitali walikuta watoto na vijana waliolazwa ili kung'olewa meno yaliyooza wamepungua kwa takriban asilimia 12 kuliko ilivyotarajiwa.

## Hatua ya kwanza: andika vinywaji vya siku mbili

Chukua daftari, au andika kwenye simu. Chagua siku moja ya kazi au shule na siku moja ya mapumziko, kwa sababu hazifanani. Andika kila kinywaji kisicho maji matupu: saa kilipoanza kunywewa, na saa kilipokwisha. Hiyo saa ya kumaliza watu huisahau, na ndiyo yenye habari.

Usiruke kitu kwa kudhani hakihesabiki. Andika chai, kahawa tamu, uji, togwa, juisi ya paketi, juisi ya kusaga nyumbani, maziwa yenye ladha, kinywaji cha kuongeza nguvu, maji ya glukosi, na hata dawa ya kikohozi ya watoto, maana dawa nyingi za maji huwekewa sukari ili mtoto azikubali. Asali na juisi ya matunda halisi nazo zinaingia. Shirika la Afya Duniani linazihesabu kundi moja na sukari ya dukani, na bakteria hawaulizi sukari imetoka wapi.

Siku ya kawaida ya mtu mzima mjini huweza kuonekana hivi: saa moja asubuhi chai vijiko vitatu, saa nne chai nyingine na chapati, saa saba soda na chakula, saa tisa na nusu kinywaji cha kuongeza nguvu kinachonywewa hadi saa kumi na moja, saa moja jioni chai ya maziwa, saa nne usiku glasi ya juisi kabla ya kulala. Hizo ni mara sita, moja ya saa moja na nusu, nyingine kabla tu ya usingizi. Meno ya mtu huyu hayana mapumziko ya maana tangu asubuhi.

Lengo zuri ni mara nne au pungufu kwa siku, milo ikiwa ndani yake.

## Hatua ya pili: ijue chupa unayonunua

Geuza chupa utazame jedwali dogo la nyuma. Kwa kawaida limeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta mstari wa Sugars, kisha angalia ni gramu ngapi kwa kila mililita 100. Zidisha kwa ukubwa wa chupa, gawa kwa 100. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari, kile cha kichuguu kina zaidi.

Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 12 kwa mililita 100. Chupa ya mililita 350 yenye gramu 10.6 ina gramu 37, yaani vijiko tisa. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina gramu 53, vijiko kumi na tatu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, na likasema ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Nusu lita moja imeshamaliza siku, na bado hujanywa chai.

Usidanganywe na picha ya embe kwenye paketi. Soma orodha ya viambato: vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi utakuta maji, kisha sukari, kisha ndiyo tunda. Viungo vinavyosomeka kama asidi ya sitriki au asidi ya fosforiki vinakueleza kuwa hata ukali wake umeongezwa.

## Hatua ya tatu: hamishia vitamu kwenye meza ya chakula

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Wakati wa kula mate hutoka mengi kwa sababu ya kutafuna, kwa hiyo kinywaji kitamu kinachoambatana na mlo hupozwa haraka, na kinatumia nafasi ambayo mlo wenyewe ungeitumia hata hivyo. Kinywaji kilekile kikija peke yake saa kumi jioni kinafungua shambulio jipya.

Kwa vitendo, soda inanywewa na chakula, inakwisha na chakula, na baada yake unasukutua kwa maji ya kawaida na kuyameza au kuyatema. Kati ya milo ni maji, au maziwa yasiyotiwa sukari. Kama unaishi maisha ya barabarani, dereva wa bodaboda au wa lori unayetegemea chupa ya energy ili usisinzie, iliyo salama kwako ni kuinywa yote kwa muda mfupi ukiwa unakula, halafu ubebe maji. Kuining'iniza kwenye usukani na kuigusa kila baada ya kituo ni njia ya hakika ya kumaliza meno ya mbele.

Mrija husaidia kiasi, mradi ncha yake ipite nyuma ya meno ya mbele. Usisukutue soda mdomoni, na usiishikilie shavuni kabla ya kumeza kama watoto wanavyopenda kufanya ili gesi iwasisimue.

Mgeni akija, soda ni heshima, na sina neno na hilo. Mpe mgeni. Watoto waliopo nyumbani ndio wasifunguliwe chupa kila mara kengele ya mlango inapolia. Waambie yao itakuja na chakula cha usiku. Kwa bibi na mashangazi wanaowabebea wajukuu juisi za paketi, sema kwa adabu lakini sema: "Bibi, shikamoo, ahsante sana kwa zawadi. Naomba tuiweke anywe na chakula cha mchana, daktari wa meno katuambia hivyo." Kumtaja daktari husaidia, kwani bibi haoni kuwa anakosolewa na mkwewe.

## Chai, ambayo hatuihesabu

Nadhani kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki tatizo kubwa ni chai kuliko soda. Soda ina gharama, na watu wanaijua kuwa tamu. Chai ipo siku nzima na haionekani kama kitu cha sukari. Majani ya chai yenyewe hayana ubaya na meno, kwa kweli yana kidogo floraidi, madini yanayoyakinga meno na asidi. Ubaya ni sukari, na hasa ile desturi ya kutia sukari kwenye sufuria na kumimina yote kwenye chupa ya chai, ili kila anayepita ajimiminie kikombe nusu. Mtoto naye anajimiminia. Hakuna anayejua amekunywa mara ngapi.

Badilisha desturi hiyo moja: pika chai bila sukari, weka bakuli la sukari mezani. Kila mtu anatia yake mwenyewe, na anajiona anavyotia. Anayerudi kwa kikombe cha saa nne anaweza kukinywa bila sukari kabisa, jambo lisilowezekana chai ikiwa tayari tamu.

Kisha shusha vijiko polepole. Anayetumia vitatu asikate vyote Jumatatu, maana Alhamisi atakuwa amevirudisha. Ashushe nusu kijiko kwa wiki. Ulimi huzoea. Iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai vinaipa chai mwili wake, na ukiongeza viungo wakati unapunguza sukari hutaona pengo kubwa. Wapwani wanajua kuwa kahawa chungu na kashata moja ni tofauti na kahawa tamu vikombe vitano; hata hivyo kashata inanata, kwa hiyo inafuatwa na maji.

Uji nao uutazame. Uji wa ulezi au wa mahindi uliotiwa sukari na ndimu au ukwaju una vyote viwili, sukari na asidi. Kama ni kifungua kinywa, sawa, ni mlo. Kama mtoto anatembea na kikombe cha uji kutoka saa mbili hadi saa tano, hapo ndipo penye shida.

## Juisi za nyumbani na za njiani

Juisi ya ukwaju, ya pasheni, ya choya, ya ndimu: zote ni kali kwa asili, na kwa sababu ya ukali huo huongezwa sukari nyingi ili zinyweke. Juisi ya miwa ni sukari ya mmea, na kuongeza ndimu na tangawizi kunaibadilisha ladha tu. Embe ni tamu bila kuongezwa chochote. Tunda zima, hata hivyo, ni jambo jingine. Chungwa ukilimenya na kulila unalitafuna, mate yanatoka, na unatosheka na moja au mawili. Glasi ya juisi yake imekamua machungwa matatu au manne na inapita koo moja.

Sishauri kuacha juisi. Nashauri kuipunguza makali: nusu juisi, nusu maji, bila sukari ya ziada, na inywewe na chakula. Maji ya dafu ni mepesi zaidi, yana gramu chache tu za sukari kwa mililita 100, lakini nayo si ya kunywewa fundo kwa fundo mchana kutwa. Togwa ina utamu wa kimea na ukali wa kuchachuka. Iende na mlo.

Lambalamba na barafu za ukwaju za kufungwa kwenye nailoni zinastahili neno moja la ziada, kwa sababu mtoto hulamba moja kwa dakika ishirini. Muda ule wote ni shambulio lisilokatika.

## Usiku, na watoto wadogo

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako wote.

Tukilala, mate hupungua sana. Kinywaji kitamu cha saa nne usiku kinakaa juu ya meno bila wa kukiondoa. Kwa mtu mzima hilo ni kosa. Kwa mtoto anayelala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, juisi au uji mwepesi mdomoni, ni maangamizi. Kioevu hujikusanya kuzunguka meno ya mbele ya juu, na hayo ndiyo huoza kwanza. Ya chini hukingwa na ulimi na mate. Ukiona mtoto wa miaka miwili mwenye meno ya mbele ya juu meusi yaliyobaki vipande, mara nyingi chupa ya usiku ndiyo ilianza.

Fanya hivi. Meno ya kwanza yakitokea, karibu miezi sita, anza kuyasafisha. Chupa ya kulalia, kama ipo, iwe na maji tu. Mtoto akishafikisha mwaka mmoja mzoeshe kikombe. Usichovye nyonyo ya kutuliza kwenye asali au sukari, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa kwa sababu nyingine ya kiafya, nayo ni sumu hatari ya bakteria iitwayo botulini. Dawa za maji mpe kama alivyoandika daktari, usiziruke. Muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari, na kama haipo, mpe dozi karibu na mlo kisha mpe maji.

Wapo wanaosema meno ya utoto yatang'oka tu, kwa nini tuhangaike. Sikubaliani nao hata kidogo. Meno ya utoto ni 20, na magego yake mengine hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12. Yakioza mtoto hali vizuri, halali, hasikilizi darasani, na usaha unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake. Pia yanashika nafasi. Yaking'olewa mapema meno yanayokuja yanabanana.

Kuna jambo moja linalowapita wazazi wengi sana. Akifika miaka 6 hivi, mtoto huota magego manne mapya nyuma kabisa, mawili juu na mawili chini. Hakuna jino lililong'oka kuyapisha, kwa hiyo wazazi hudhani ni ya utoto. Ni ya ukubwani, hayana badala, na mifereji yake ya juu ni ya kina na hushika ukoga kirahisi. Umri huo ndio mtoto anaanza shule, anapata hela ya kununua juisi na soda, na anajipigia mswaki mwenyewe. Endelea kumsaidia kupiga mswaki mpaka afike miaka 7 au 8.

## Mswaki na dawa ya meno

Mara mbili kwa siku, dakika mbili, na mara ya usiku ndiyo isiyokosekana. Baada ya hapo ni maji tu hadi asubuhi.

Dawa ya meno iwe na floraidi, na kwenye tyubu isome ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo, kati ya 1000 na 1500. Floraidi huingia kwenye enameli inayojijenga upya na kuifanya iihimili asidi vizuri zaidi. Mtoto chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Wengi wetu tulifundishwa kusukutua hadi ladha yote iishe, na kwa kufanya hivyo tunaimwaga floraidi kabla haijafanya kazi.

Usipige mswaki mara tu baada ya soda au juisi kali. Enameli imelainika, na mswaki utaikwangua. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa au zaidi, ndipo upige.

Mti wa mswaki ni chombo kizuri cha kuondoa ukoga, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuuhimiza. Ukiutumia, pitisha na dawa ya floraidi angalau usiku.

Wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Bonde la Ufa nchini Kenya watauliza: si floraidi hiyohiyo iliyotuchafua meno? Ndiyo, ni hiyo, lakini iliyozidi ndani ya maji ya kunywa utotoni, wakati meno yanajengeka ndani ya fizi. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwenye maji ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya maeneo hayo huvuka. Rangi ile ya kahawia si kuoza na haikuletwa na soda. Mtu mzima wa huko anaweza kutumia dawa yenye floraidi bila wasiwasi. Kwa mtoto, weka kiasi kidogo nilichotaja, mfundishe kutema, na muulize daktari wa meno wa eneo lako.

Chingamu isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli, kitia utamu kisicho sukari, huongeza mate baada ya mlo. Inasaidia pale usipoweza kusukutua.

## Mwezi wa Ramadhani

Anayefunga hana vinywaji mchana, lakini pia ana mate machache. Kisha jioni kila kitu kitamu hukutana: tende, uji, kaimati, tambi, juisi ya ukwaju. Futari yenyewe ni mlo mmoja, haina tatizo. Tatizo ni saa zinazofuata, kutoka tarawehe hadi daku, mtu akinywa juisi na chai kidogo kidogo usiku kucha. Kitamu kiishe na futari, halafu ni maji mpaka daku. Piga mswaki baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, ukiwa na dawa ya floraidi. Asiye na raha kutumia dawa ya meno mchana ana mti wa mswaki.

## Kagua nyumbani kila mwezi, na ujue lini uende hospitali

Mkalishe mtoto dirishani penye mwanga, nyanyua mdomo wa juu. Tafuta mstari mweupe kama chaki karibu na fizi. Huo ni mwanzo, na hapo bado unaweza kurudi nyuma kwa kukata vinywaji vya katikati ya milo na kutumia floraidi. Doa la kahawia lenye kushika ncha, tundu, au maumivu ya kitu kitamu au baridi, ni kwenda kliniki wiki hiyohiyo. Jino likianza kuuma lenyewe usiku, kuoza kumeshafika kwenye kiini chenye neva, na hapo chaguo hubaki matibabu ya mzizi au kung'oa.

Mafuta ya karafuu kwenye pamba yanatuliza kwa muda, hayatibu. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi, kinaunguza nyama. Shavu likivimba, homa ikipanda, mdomo ukishindwa kufunguka au mtoto akishindwa kumeza, usisubiri asubuhi.

Hospitali nyingi za wilaya Tanzania na za kaunti Kenya zina kitengo cha meno. Ukienda kabla ya maumivu, omba mambo mawili. Kwanza, magego ya miaka sita yazibwe mifereji yake kwa utomvu maalumu kabla hayajatoboka. Pili, watoto wenye madoa meupe wapakwe vanishi ya floraidi, kazi ya dakika chache isiyo na sindano. Muulize daktari irudiwe lini. Kwa kawaida ni kila miezi 3 hadi 6, kutegemea hali aliyoiona.